Hatua Iliyo Mwisho wa Orodha

Imezoeleka kusemwa, hata na baadhi ya walimu wa kompyuta, kwamba programu ya sataranji humshinda binadamu kwa sababu huhesabu kila kitu. Kauli hiyo si sahihi, na kosa lake si dogo, kwani humfanya msomaji aamini kwamba mashine haina haja ya kuchagua, ilhali kuchagua ndiyo kazi yake kubwa. Mwaka 1950 Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani, alichapisha makala ambamo alikadiria kwamba michezo inayoweza kuchezwa kwenye ubao wa sataranji hufikia moja ikifuatwa na sifuri 120, wingi ambao hakuna kompyuta itakayoumaliza. Hoja ya toleo hili ni kwamba ustadi wa programu hizi umo katika kupuuza, na kwamba hatua ngumu huwa ngumu kwa sababu ya ustadi huohuo.

Katikati ya mchezo, mchezaji huwa na hatua halali zipatazo 30. Programu ikitaka kutazama hatua sita tu mbele, tatu za kila upande, itakuta ncha zipatazo milioni 729 katika kile kinachoitwa mti wa hatua, yaani mchoro ambao kila jibu huzaa matawi ya majibu mengine. Mbinu iitwayo alfa-beta huupunguza mzigo huo: programu ikishagundua kwamba jibu moja la mpinzani latosha kuiharibu hatua fulani, haiendelei kutazama majibu yaliyobaki, kama vile mnunuzi aliyekwisha kuuona ufa wa chungu asivyohitaji kukikagua mpini wala mdomo. Donald Knuth na Ronald Moore walionyesha mwaka 1975 jinsi idadi hiyo inavyoweza kushuka; kwa mfano huu, ikiwa hatua bora hutazamwa kwanza kila mara, milioni 729 hubaki 53,999, na jawabu halibadiliki hata kidogo. Sharti hilo la kutazama hatua bora kwanza ndilo lenye uzito, kwa maana kila programu hulazimika kupanga orodha kabla ya kujua lililo jema: hatua za kula kete zenye faida huwekwa juu, zikifuatwa na zile zilizofaa katika matawi ya jirani, na zile zinazoonekana kuwa hasara tupu husukumwa chini.

Hadi hapo hakuna kinachopotea. Hatari huanza pale programu inapopuuza kwa kukisia. Hatua zilizo chini ya orodha hutazamwa kwa kina kidogo kuliko zilizo juu, kwa kuwa mara nyingi hazina maana. Vilevile iko mbinu ya zamu tupu, ambapo programu hujifanya imemwachia mpinzani acheze mara mbili mfululizo, na ikiwa hata kwa zawadi hiyo mpinzani hafui dafu, tawi zima hukatwa. Mbinu hiyo hukwama katika hali ambayo mwenye zamu huumia kwa sababu tu analazimika kucheza, hali ambayo hapa yafaa kuitwa mbano. Humo kuikosa zamu ni neema, na programu iliyodhani kuwa ni hasara hutoa hukumu ya uongo. Ndiyo sababu watunzi wengi huizuia mbinu hii pale upande wenye zamu unapobakiwa na mfalme na askari peke yao, askari wakiwa ni zile kete ndogo zinazoanzia mstari wa mbele.

Mfano ulio bora kuliko yote wa hatua inayodharauliwa kwa makisio ya namna hii ni mchezo wa Veselin Topalov na Alexei Shirov, uliochezwa Linares, Hispania, mwaka 1998. Ilipofika hatua ya 47, Shirov mwenye kete nyeusi alikuwa na askari wanne dhidi ya wawili, lakini kila upande ulibakiwa na askofu mmoja, wa Shirov akitembea kwenye miraba myeupe na wa Topalov kwenye miraba myeusi, hali ambayo kwa kawaida huishia sare. Mfalme mweusi alihitaji kufika mraba wa e4 (herufi hutaja safu wima ya ubao, namba hutaja mstari) kabla mfalme mweupe hajafika e3, na njia yake ilipita f5, ambako askofu wake mwenyewe alikuwa amesimama. Askofu akiondoka hivihivi, mfalme mweupe huwahi. Shirov alimpeleka askofu h3, mahali ambapo askari wa g2 angeweza kumla bure: hatua moja ikafungua njia, ikamtishia askari huyo, na ikamlazimu Topalov kuitumia zamu aliyoihitaji kwa mfalme wake. Topalov alikula, mfalme mweusi akapita, na hatua sita baadaye Topalov alikubali kushindwa.

Kwa programu, hatua hiyo ina kila dalili ya upuuzi. Askofu huthaminiwa kama askari watatu hivi, naye anatolewa pasipo kula chochote. Faida yake, ambayo ni askari wa a na wa d kutembea kuelekea mwisho wa ubao, huja mbali sana mbele. Mcheza dama anayetoa kete moja ili ale tatu huona malipo yake papo hapo, lakini hapa malipo ni nafasi ya mfalme kutangulia kwa hatua moja. Kinachoiokoa programu ni kwamba haikufuta hatua hiyo, bali iliipunguzia kina tu. Utafutaji hurudiwa kina baada ya kina, na kadiri kina kinavyoongezeka, hata tawi lililopunjwa hufika mbali. Siku likirudisha thamani iliyozidi matarajio, programu hulitazama upya kwa kina kamili.

Programu ya AlphaZero, iliyotangazwa na kampuni ya DeepMind mwaka 2017, ilichukua njia nyingine: ilitazama hali zipatazo 60,000 kwa sekunde, wakati programu ya Stockfish iliyoshindana nayo ilitazama takriban milioni 60, kwa kuwa mtandao wa neva wa AlphaZero, yaani mfumo unaojifunza kukadiria, huipima kila hatua kabla ya kuichunguza. Hata hivyo, hatua iliyokadiriwa kuwa duni huchelewa kuchunguzwa, na udhaifu ni uleule.

Kwa hiyo namba ambayo programu huonyesha kuikadiria hali ya mchezo isomwe kama hukumu ya kina fulani, iliyotolewa baada ya mengi kuwekwa kando. Mchezaji anayeishuku anaweza kuisogeza kwa mkono wake ile kete iliyodharauliwa, akaiacha mashine ifikiri kutokea hapo, kisha akarudi hatua moja nyuma. Mara nyingi programu huikuta hukumu mpya ikiwa bado katika kumbukumbu yake, na hatua iliyokuwa mwisho wa orodha hupanda hadi mstari wa kwanza.