Ngozi ya Buha haina kosa

Imezuka katika nyanda za juu za Kigoma dhana moja ambayo yafaa ipigwe vita waziwazi. Dhana hiyo inasema kwamba ngozi nzuri ni ile itokayo ng'ambo, na kwamba ngozi ya ng'ombe, mbuzi na kondoo wa Buha ni duni kwa asili yake. Aghalabu wanaoieneza si wafugaji. Ni watu wa kalamu, makarani, maofisa na walimu, yaani wale hasa ambao wananchi huwategemea kupambanua ukweli na uzushi.

Hapana anayewalaumu kwa kuvaa koti. Kasulu na Kibondo ziko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mwalimu anayepanda pikipiki alfajiri ya mwezi Julai kwenda shule ya kijijini anahitaji kitu cha kuzuia upepo kifuani. Lawama inaanza pale mwalimu huyo anapofika gulioni, mbele ya rundo la mitumba, akatoa fungu zito la mshahara wake kwa kufuata mng'aro, harufu na maandishi ya lebo. Msimu mmoja wa mvua ukipita, mabega ya koti yanaanza kubanduka magamba, na chini ya magamba kinaonekana kitambaa. Hapo kinasikika kilio kwamba mfanyabiashara ni mwizi. Huenda ni mwizi kweli. Lakini mwizi huyu hakuvunja mlango, alikaribishwa.

Kilichobanduka si ngozi. Ni utando wa plastiki uliopakwa juu ya kitambaa. Utando huo huvunjwavunjwa polepole na unyevu na joto, na uzee wake huhesabiwa tangu siku ulipotoka kiwandani, wala si siku ulipofika Kasulu. Koti lililokwisha kukaa miaka kadhaa kabatini Ulaya linauzwa gulioni likiwa limekula sehemu kubwa ya umri wake, na mnunuzi huambulia mkia tu. Iko aina nyingine yenye hila zaidi: mabaki ya ngozi husagwa, yakagandishwa kwa gundi, kisha yakapakwa rangi. Muuzaji akiapa kwamba mna ngozi ndani yake, hasemi uongo. Hata hivyo hakuna fundi anayeita unga wa mbao mlango.

Hata ngozi yenyewe si moja. Ngozi ya ng'ombe ni nene, kwa hiyo kiwandani hupasuliwa kwa mashine kuwa matabaka. Tabaka la juu, lililokuwa upande wa manyoya, lina nyuzi zilizosongamana, na hilo ndilo hudumu. Tabaka la chini ni legevu. Hupakwa rangi nzito likafanana na la juu, na kwa mujibu wa lebo nalo ni ngozi halisi. Maneno hayo mawili, ambayo wasomi wengi huyasoma kama cheti cha ubora, yanathibitisha tu kwamba mnyama alikuwapo. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba, lakini nyuzi zake zimeshikana sana, na koti lake huwa jepesi na gumu kuchanika.

Tukio la kondoo ndilo linaloiumbua vizuri zaidi kasumba hii. Kondoo wa Ulaya mwenye sufi nyingi ana mafuta mengi kati ya matabaka ya ngozi yake. Mafuta yakiondolewa wakati wa kusindika, matabaka hubaki yamelegeana, na koti lake, pamoja na ulaini wote, huchanika upesi. Kondoo wa Afrika Mashariki, mwenye singa fupi badala ya sufi, ana ngozi iliyoshikamana zaidi. Ngozi za kondoo wa namna hiyo kutoka Ethiopia hutafutwa sana na watengenezaji wa glavu duniani. Kwa hiyo yule anayemdharau kondoo wa Kibondo akakimbilia kondoo wa ng'ambo amegeuza mambo juu chini.

Njia za kupima hazihitaji shahada. Geuza koti ndani nje, utafute mshono usiofunikwa na bitana, kwa kawaida ndani ya mfuko. Ukingo wa ngozi una nyuzi kama za kamba iliyokatwa. Ukingo wa plastiki una mistari miwili iliyonyooka, rangi juu na kitambaa chini. Bonyeza kwa kidole: ngozi hukunja vikunyanzi vinavyotawanyika ovyo, kama mkono wa mzee. Tazama vinyweleo: vya mnyama havipangwi sawasawa, vya mashine hurudia umbo lile lile kila baada ya vidole vichache. Harufu inapulizwa kwa dawa, uzito unaongezwa kwa bitana, na njiti ya kiberiti inayopitishwa haraka juu ya koti ni kiinimacho. Na mwenye bahati ya kupata ngozi ya kweli asiikaushe juu ya jiko la mkaa baada ya kunyeshewa, kwa maana moto huisinyaza na kuikakamaza. Aitundike kivulini, kisha aipake mafuta.

Sasa, mtumishi asiyejua kupambanua koti ana ndugu yake machinjioni. Huyo ni mnunuzi wa ngozi ghafi anayelipa bei moja kwa ngozi safi na kwa ngozi iliyotobolewa. Ngozi ya Buha huzaliwa nzima. Huumwa na kupe (kupe wa majani, siyo yule wa hotubani), ikachanwa na miiba, kisha ikapigwa chapa ya moto mahali penye thamani kubwa. Kampeni ya kupiga chapa ng'ombe ya mwaka 2017 ilikuwa na nia njema ya kuwatambua mifugo, lakini moto hauna nia. Baadaye ndipo zikaja hereni za masikioni, ambazo haziharibu ngozi. Halafu mchinjaji huchuna kwa kisu chenye ncha, akiacha mikato upande wa nyama, na ngozi hutandazwa juani chini ardhini badala ya kuwambwa kivulini au kutiwa chumvi ndani ya saa chache. Wahenga walisema mwamba ngozi huvutia kwake. Huyu hata kuwamba hawambi, kwa sababu akichuna vizuri au vibaya halipwi senti moja ya tofauti. Ngozi zimetupwa na kufukiwa machinjioni katika sehemu nyingi za nchi hii, huku watumishi wakinunua plastiki.

Wapo watakaotaja Morogoro. Ni kweli kwamba kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kitoe jozi milioni 4 kwa mwaka, hakikufikia hata asilimia 5 ya uwezo huo, na kikafungwa mwaka 1990. Lakini kiwanda hicho kilipangwa kuuza Ulaya kabla hakijamvisha mtu wa Dodoma, na makosa ya mipango hayawezi kubandikwa mgongoni mwa ng'ombe. Wapo pia wanaosubiri mitumba ipigwe marufuku. Wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana mwaka 2016 kuiondoa hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kufuta nafuu za biashara, na kufikia mwaka 2018 ni Rwanda peke yake iliyosimama imara. Anayesubiri forodha imfundishe kununua atasubiri sana.

Kiwanda cha ngozi cha Karanga, Moshi, ni ubia wa Jeshi la Magereza na mfuko wa pensheni wa PSSSF. Fedha za mfuko huo ni makato ya mishahara ya watumishi wa umma, wakiwamo wa Kasulu na Kibondo. Wao ndio wenye mali, na ndio wanaoibeza gulioni. Kama wanataka koti lidumu na akiba yao izae, basi walimu wa sayansi wapeleke kipande cha ngozi na kipande cha plastiki darasani, wanafunzi wavikate na kuvitazama ukingoni; na watumishi wa halmashauri za wilaya hizi mbili wahakikishe kwamba kila machinjio ina kisu cha kuchunia chenye ncha butu, chumvi ya kutosha, na ubao ukutani unaoonyesha bei ya ngozi ya daraja la kwanza, la pili, la tatu na la nne, kila moja kwa tarakimu yake.