Haki ya Wenye Mto

Jua likizama, mji wa Iringa huwasha taa zake. Mtaa wa Mlandege nao huangaza: maduka hubaki wazi, na mafundi wa kuchomelea huendelea na kazi. Ni wachache waulizao ni nani aliyeulipia mwanga huo kabla mita haijaanza kuhesabu.

Bwawa la Mtera lilikamilika mwaka 1980 ili kuiwekea akiba ya maji mitambo ya Kidatu, yenye megawati 204. Mwaka 1988 Mtera yenyewe ikaanza kutoa megawati 80. Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka Usangu, mkoani Mbeya, kwa njia ya Mto Ruaha Mkuu. Umeme wake huingia katika gridi ya taifa, na hapana ubaya katika hilo. Ubaya ni kwamba faida ilienezwa kwa wote, na gharama ikaachiwa wachache.

Maji ya Mtera yalipopungua na nchi ikaingia katika mgawo wa umeme, lawama ziliwaangukia wafugaji wa Usangu. Mwaka 2006 na 2007 waliondolewa pamoja na mifugo yao, wengi wakaelekezwa Lindi, ingawa utafiti uliotangulia ulikuwa umeonyesha kwamba kilimo cha umwagiliaji wakati wa kiangazi ndicho kilichochota maji mengi zaidi. Walakini, hata kama lawama ile ingalikuwa ya haki tupu, aliyeondolewa malishoni ili maji yafike bwawani ameuchangia umeme huo kwa ardhi yake, sawasawa na mkopeshaji aliyeuchangia kwa fedha. Mkopeshaji huandikiwa riba. Mfugaji aliandikiwa amri ya kuondoka.

Wapo watakaojibu kwamba maji ni mali ya taifa, na kwamba Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, umekwisha kufikisha nguzo karibu kila kijiji. Jibu hilo lachanganya mambo mawili. Nguzo ni haki ya kila raia, akaaye karibu na mto na akaaye mbali. Haiwezi kuhesabiwa kuwa fidia ya aliyepoteza. Wengine hutaja madarasa na visima vinavyojengwa na wenye miradi. Kutoa ni moyo, nao moyo hubadilika kila abadilikapo meneja. Haki haiwekwi rehani moyoni mwa mtu.

Norway ilisaidia kugharimia mtambo wa Kihansi, wa megawati 180, uliozinduliwa mwaka 2000 katika milima ya Udzungwa. Nchini kwao, sheria za mwaka 1917 ziliwalazimisha wenye mitambo mikubwa kuziuzia halmashauri za maeneo yenye mito hadi asilimia 10 ya umeme kwa bei ya gharama. Fedha zilifika Kihansi. Kanuni ile ikabaki kwao.

Sasa jotoardhi inatafutwa karibu na Ziwa Ngozi, wilayani Rungwe. Huu ndio wakati wa kutunga sheria: fungu maalumu la mauzo liende kwa halmashauri na vijiji vya mahali nishati itokapo, na hesabu zake zisomwe hadharani katika mkutano wa kijiji. Mtambo ukishaanza kuzunguka, mwenyeji huitwa mwombaji. Kabla haujaanza, yeye bado ni mshirika.