SUMUKUVU: KIPIMO KIWE CHA NANI?

Gunia la mahindi la kilo 100 huweza kukataliwa sokoni likizidisha miligramu moja ya sumukuvu. Hicho ndicho kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki: mikrogramu 10 kwa kila kilo. Kiasi hicho hakionekani kwa macho, na jiko la kawaida haliiondoi sumu hiyo.

Wafanyabiashara wa nafaka wanaijua hasara yake. Machi 5, 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye ilifungua mpaka, ila kwa sharti la cheti kinachoonyesha kiwango. Mahindi ya Gairo na Kilosa yamo katika hesabu hiyo. Pilipili manga ya Kinole na Matombo, katika milima ya Uluguru, ina mtihani wake: soko la Ulaya nalo halipokei zaidi ya mikrogramu 10.

Hapo ndipo zinapoingia nukta za kwantamu, zilizowapatia Bawendi, Brus na Ekimov Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023. Ni chembe za nanomita chache tu, ambazo zikimulikwa hung'aa kwa rangi inayotegemea ukubwa wake. Zikifungwa kwenye kingamwili inayonasa sumukuvu na kuwekwa katika ukanda wa kupimia, mwanga wake husomwa kwa kifaa kidogo, bila kungoja maabara kubwa. Watafiti wameshazijaribu kwa kazi hiyo. Morogoro haiwezi kushangaa: panya buku wa APOPO, walioko Chuo Kikuu cha Sokoine, wamekuwa wakinusa kifua kikuu kwa miaka mingi.

Tatizo ni kadimiamu, madini ya sumu yaliyomo katika nukta nyingi zenye mwanga mzuri. Dawa yake ni kuzivika silika, kitu kilekile kinachojaa katika mchanga wa mtoni. Gamba hilo huzuia kadimiamu isivuje, huiwezesha nukta kukaa katika maji, na hutoa mahali pa kufungia kingamwili. Njia hiyo ilionyeshwa mwaka 1998 katika kutia alama seli.

Lakini gamba halifuti sumu, linaifungia tu. Ukanda uliokwisha kutumika hutupwa, na takataka za masoko yetu huchomwa moto au huishia korongoni. Maji ya Uluguru huteremka hadi mto Ruvu, ambao wakazi wa Dar es Salaam wanaunywa. Mwagizaji atakayeleta vipimo hivi aeleze kwanza vitarudishwa wapi vikishatumika. Kama hana jibu, alete nukta zisizo na kadimiamu, za indiamu na fosforasi au za kaboni, hata kama mwanga wake ni hafifu.

Jambo zito zaidi ni umiliki. Mkulima ameumia miaka mingi kwa lumbesa, kwa kuwa kipimo kilikuwa mkononi mwa mnunuzi. Kifaa cha sumukuvu kikikaa katika mfuko wa dalali, itakuwa lumbesa ya pili: "Mzigo wako una sumu, nitakupa nusu bei." Kisha mzigo huohuo utauzwa mjini kama mahindi safi. Nani atabisha?

Isitoshe, sumukuvu haisambai sawasawa gunia zima. Punje chache zilizooza huweza kubeba karibu sumu yote, hivyo anayechota konzi moja juu ya gunia anapima bahati yake. Ni lazima kuchota sehemu nyingi, kusaga na kuchanganya kabla ya kupima, kazi ambayo mnunuzi mwenye haraka hawezi kuifanya kwa uaminifu.

Kifaa kikae kwenye ghala la ushirika, kikaguliwe na Wakala wa Vipimo kama mizani, na mkulima apewe karatasi ya majibu kabla bei haijatajwa. Gharama ya ukanda ikatwe kwa mnunuzi, kwa sababu yeye ndiye atakayeuza kwa cheti hicho mpakani Namanga.