Si Uvivu, Ni Daraja Lenu

Wasee, kuna hadithi tunauziwa kila mara mtu akigongwa na gari chini ya daraja la wapita njia. Kabla hata mwili haujaondolewa barabarani, mtu ashaandika: "Daraja si liko hapo juu? Wakenya ni wavivu sana." Laiki zinamiminika, kesi imefungwa.

Mimi naikataa hiyo hukumu. Hebu tupige hesabu.

Daraja lazima liwe juu kiasi cha lori kupita chini yake. Kwa hivyo pale unapokanyaga ni kama mita 6 kutoka kwa lami. Ngazi moja ya kawaida ina kimo cha sentimita 15 hivi. Gawanya: ngazi 40 kupanda, ngazi 40 kushuka. Kama ni rampu, mtu wa kiti cha magurudumu anahitaji mita 12 za kwenda mbele kwa kila mita 1 ya kupanda. 6 mara 12 ni 72. Pande mbili, mita 144. Yaani kuvuka barabara ya upana wa mita 40, mtu anasukuma magurudumu zaidi ya mita 180. Na hapo bado hajafika steji, kwa sababu daraja lingine liliwekwa mahali nafasi ilipatikana, si mahali watu wanashukia matatu.

Sasa weka watu kwenye hiyo hesabu. Mama mjamzito. Mzee wa magoti mabovu. Mama mboga na gunia lake. Jamaa wa mkokoteni, ambaye hata hana pa kuanzia. Ama dada anayetoka kazini saa tatu usiku na taa za daraja ziliharibika kitambo. Huko juu kuna giza na hajui nani anamngoja. Huku chini kuna magari, lakini angalau gari analiona likija. Huyo ndiye mnamwita mvivu?

Dereva naye tunamfanyiaje? Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa 2022. Sehemu ya barabara hiyo imeinuliwa hewani ili mwenye gari asikwame kwa jam. Hapandi ngazi, anakanyaga mafuta tu, na hakuna mtu humwita mvivu. Kwa hivyo mainjinia tunao, na pesa hupatikana ikiwa anayeinuliwa ana gari.

Hapa ndipo ukweli uko. Mengi ya haya madaraja hayakujengwa kumsaidia mpita njia. Yalijengwa kumtoa njiani ili gari lisipunguze mwendo. Na bado watembeao kwa miguu ndio wanaokufa zaidi kwenye barabara za Kenya kuliko watumiaji wengine wote.

Najua utasema, "Kwa hivyo tubomoe yote?" La. Kwa barabara kama Thika Road, leni nane na magari yanapaa, daraja ni lazima. Na angalia Githurai ama Roysambu jioni: madaraja yamejaa hadi mnasukumana. Hao wavivu wameenda wapi? Daraja likikushusha karibu na unakoenda, watu wanapanda bila kuulizwa.

Lakini ndani ya mji, ambako sheria inasema gari lisizidi kilomita 50 kwa saa, kwa nini mtu apande orofa mbili ndiyo avuke? Weka matuta, weka zebra iliyoinuliwa, weka taa zinazompa mzee muda wa kufika upande ule mwingine. Gari lisimame sekunde 30. Halitakufa.

Na si huruma tunaomba. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali na kutumia usafiri wa umma bila kuhangaishwa. Mwaka wa 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera iliyosema asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Ukitembea mtaani kwenu, wewe unaiona hiyo asilimia 20?

Kwa hivyo fanya hivi wiki hii. Nenda kwa daraja la mtaa wenu, hesabu ngazi. Angalia rampu inaishia wapi: kwa njia, kwa mtaro, ama kwa kibanda cha mtu. Rudi usiku uone kama taa zinawaka, lakini usiende peke yako. Piga picha, poste, mtag MCA wenu hadi ajibu.

Na wewe uliyezoea kuandika "wavivu": beba mtungi wa lita 20 uliojaa maji, panda hilo daraja, shuka upande wa pili. Ukifika, ndiyo uandike.