Kabla ya kununua gari la mbio

Mzazi mwenzangu, kule Uingereza magari yanayoiga Lotus Seven ya Colin Chapman, gari jepesi lililotoka mwaka 1957, huuzwa mara kwa mara, mengine yakiwa yameshaandaliwa kwa mashindano. Mwaka 1996 Ron Champion aliandika kitabu cha kumwelekeza mtu ajiundie la namna hiyo, hata kwa pauni 250. Ndiyo maana baba wengi huona linawezekana.

Lakini wahenga walisema rahisi ni ghali. Kabla akiba ya nyumba haijaguswa, kaeni wawili mpige hesabu. Viti ni viwili tu; watoto hawaenei. Likiwa la mbio pekee bila usajili wa barabarani, mtahitaji trela la kulibeba. Mikanda yake ina tarehe ya mwisho. Ikipita, wakaguzi wa mashindano huikataa. Bado matairi, ada za kushiriki na leseni ya mbio.

Hesabu ya mwaka ikigusa karo, lisubiri. Pakibaki ziada, lichukueni, na watoto washike spana pamoja na baba. Hapo litakuwa la familia nzima.