Zulia la majani libaki ndani ya kioo, lisifike ziwani

Uvira, Kivu ya Kusini – Samaki wadogo wa rangi wanaovuliwa kwenye mawe ya ziwa Tanganyika wanajulikana mbali. Huko Ulaya, Marekani na Japani, watu wanawafuga nyumbani ndani ya tangi la kioo, yaani akwariamu. Wafugaji wengi wa samaki wa namna hii wanapenda pia kupanda chini ya maji majani mafupi yanayotambaa mpaka yafunike mchanga wote kama zulia. Ni kitu kizuri kwa macho. Picha zake zinafika kwenye simu hadi huku, na mwenye hoteli, duka au sebule kubwa anaweza kutamani kuwa na lake. Hakuna ubaya. Lakini kwa wakaaji wa kando ya ziwa kuna swali moja la kujibu kabla ya kununua hata kioo: majani yatakayokatwa yatatupwa wapi?

Kwanza ieleweke namna zulia hilo linavyoota. Majani yenyewe yanataka mwanga mkali kwa muda wa saa 8 hivi kila siku, mchanga laini wenye rutuba, na mara nyingi hewa ya kaboni inayoingizwa majini kwa mpira mwembamba. Mpandaji anagawa shada moja vipande vidogo na kuvichomeka kwa kibano, kimoja kimoja, kwa nafasi ya vidole viwili. Kila kipande kinatoa kikonyo kinachotambaa pembeni, na kikonyo kinatoa mche mwingine. Baada ya wiki kadhaa mchanga hauonekani tena. Hapo kazi inageuka: si kupanda tena, ni kupunguza. Yasipokatwa, majani ya chini yanakosa mwanga, yanaoza, na zulia lote linang'oka. Kwa hiyo kila mkasi ukipita, kunabaki kikombe kizima cha vipande vinavyoelea, na kipande kidogo chenye kifundo kinaweza kuanza maisha upya.

Nguvu hiyo ya kuenea ndiyo inayopendwa ndani ya kioo, na ndiyo hatari nje yake.

Kongo inalijua somo hili. Gugu maji, lile lenye ua zuri la zambarau, asili yake ni Amerika ya Kusini. Lilisambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wake, kama pambo la mabwawa na bustani. Katika miaka ya 1950 lilienea kwenye mto Kongo, na huko magharibi wasemaji wa Kilingala wakaliita Kongo ya sika, maana yake Kongo mpya. Karibu na mwaka 1990 lilionekana kwenye ziwa Victoria, na kabla ya miaka 10 kupita lilikuwa limeziba maelfu ya hekta, bandari na ghuba za wavuvi. Wavuvi walishindwa kutoa mitumbwi, nyavu zilinaswa, na chini ya majani yale konokono wa kichocho na mbu walipata makao.

Hata majani yaliyotoka moja kwa moja kwenye akwariamu yamewahi kuleta hasara. Mwaka 1984, mwani wa kijani uliokuwa ukipandwa kwenye matangi ya Ulaya ulionekana baharini huko Monaco, chini ya jumba la makumbusho ya bahari. Ulikuwa umefunika eneo la kama mita moja ya mraba tu. Miaka ilipopita ulifunika maelfu ya hekta za bahari ya Mediterania. Mwaka 2000 mwani huohuo ulipatikana California, na serikali ya huko ilitumia mamilioni ya dola na miaka 6 kuumaliza. Nchi tajiri iliweza kulipa. Je, mji wa Uvira, Baraka au Kalemie utalipa na nini?

Maji ya sehemu hizi yameungana. Kitu kinachotupwa kwenye mfereji wa Bukavu kinaweza kuingia ziwa Kivu, kikapita mto Ruzizi na mabwawa yake ya umeme, kikateremka ziwa Tanganyika, halafu kupitia mto Lukuga pale Kalemie kikafika mto Lualaba. Tena mvua kubwa haisubiri mtu kutupa. Mafuriko ya Aprili 2020 hapa Uvira yalibomoa manyumba. Tangi au kisima cha samaki kilichopo kando ya mto kingeweza kubebwa vilevile.

Wengine watasema hili ni jambo la matajiri, na kwamba familia zilizokimbia vita zina shida nyingine kubwa zaidi. Ni kweli kwamba hazina akwariamu. Lakini familia hizo ndizo zimeacha mashamba nyuma. Wengi wao wanachota maji ziwani, wanafua hapo, na kitoweo wanachoweza kununua ni fungu dogo la ndagala. Samaki wengi wa ziwa hili wanazalia karibu na ukingo, mahali palepale majani ya kigeni yanapoanzia. Ukingo ukizibwa, tajiri atanunua samaki wa kutoka mbali. Mama mwenye bidoni moja hana pengine pa kwenda.

Wengine watasema majani haya ni dhaifu na hayawezi kuishi ziwani. Kwa mengi ni kweli: maji ya Tanganyika ni magumu, yenye chumvichumvi za mawe, na majani mengi ya zulia yanapenda maji laini. Hata ndani ya kioo yanasumbua, tena samaki wengi wa ziwa hili wanachimba mchanga na kuyang'oa. Lakini anayenunua shada sokoni au kuletewa na msafiri mara nyingi hajui jina lake wala kwao. Ukingo wa ziwa si mahali pa kujaribia.

Njia nyepesi ipo. Anayetaka majani ndani ya kioo achukue yale marefu kama utepe ambayo tayari yanaota ziwani humu. Nayo yanaenea yenyewe mchangani bila hewa ya kununua. Anayeshikilia zulia la kigeni aanike kila alichokata juu ya bati mpaka kivunjike mkononi, kisha akichome au akifukie mbali na maji. Maji ya tangi yachujwe kwa kitambaa na yamwagwe kwenye udongo, si kwenye mfereji. Akichoka na tangi, asilimwage ziwani kwa kuwaonea samaki huruma.

Viongozi wa mitaa na kamati za wavuvi waliseme hili sasa, kwenye mikutano na kwenye redio, wakati bado ni jambo la kikombe kimoja cha majani. Likishafika hekta moja, watakaoitwa kung'oa kwa mikono watakuwa walewale wasiokuwa na tangi.