STIMA YA JUA: HESABU KWANZA, DENI BAADAYE



Wengi wetu tumejenga Kitengela, na wengine wamenunua viwanja mbele zaidi, Isinya na Kajiado. Nguzo za stima hazijafika kwa kila mtu, basi mshahara ukitoka tu, wauzaji wa sola wako mlangoni. Kuuza si kosa. Kosa ni sisi kutia sahihi deni kabla ya kujua nyumba inatumia nini.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Niliuziwa bamba na betri ya motokaa, wala sikuulizwa nina taa ngapi. Ilipofika Julai mawingu yakatanda siku tatu, taa zikazimika watoto wakiwa katikati ya masomo. Betri ya motokaa ni ya kuamsha injini, si ya kutumika usiku kucha. Ilikufa kabla ya mwaka, na deni nalilipa hata leo.

Watu wa reli twajua kwamba injini haifungwi mabehewa kabla uzito haujajulikana. Basi shika kalamu. Taa 4 za wati 7, kwa saa 5, ni 140. Televisheni ya wati 50 kwa saa 4 ni 200. Redio ya wati 10 kwa saa 6 ni 60. Simu, weka 30. Jumla ni wati-saa 430 kwa siku. Nguvu nyingine hupotea njiani, katika waya, betri na vumbi la bamba, kwa hiyo gawanya kwa 0.7 upate kama 615. Kiangazi jua letu ni karimu, lakini kwa ajili ya Julai mimi nahesabu saa 4 tu za jua kamili. Gawanya tena kwa 4: ni wati 154. Bamba la wati 200 latosha.

Betri ndipo wengi huanguka. Siku 2 za mawingu zataka 860. Betri ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, basi sharti ishike 1,720. Moja ya volti 12, ampea-saa 100, hushika 1,200. Kwa hiyo ni betri 2. Za lithiamu hustahimili zaidi na hudumu, ila bei yake ya kwanza hutisha.

Pasi na birika la stima tuyasahau. Pasi ya wati 1,000 huvuta zaidi ya ampea 80 katika betri ya volti 12, na waya mwembamba utawaka moto. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Betri za risasi zisiwekwe chumba cha kulala, maana zikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Bamba lielekee kaskazini, liiname kidogo ili mvua ioshe vumbi.

Tangu kanuni za mwaka 2012, fundi wa sola hapa Kenya sharti awe na leseni; siku hizi hutolewa na EPRA. Mwambie akuonyeshe. Akikasirika, mpe chai aende zake. Muuzaji naye aandike wati, ampea-saa, muda wa dhamana, bei ya taslimu na jumla ya deni mpaka shilingi ya mwisho.

Mwenye karatasi hiyo asitie sahihi bado. Ailete ofisi ya tawi Jumamosi, tuihesabu pamoja.

Mhariri